Kutoka Kutamka hadi Kuelewa: Ufundishaji wa Ufahamu wa Kusoma kwa Wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda na Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini mwanafunzi wa Uganda au Rwanda anaweza kusoma kifungu cha Kiswahili kwa sauti bila kukwama, na bado asielewe kinachosemwa. Yanajadili udhaifu wa maswali yanayojibika kwa kunakili, ugumu wa kufuatilia viambishi vya upatanisho, na mikakati minne inayofundishika darasani. Hoja kuu ni kwamba ufahamu hautoshi kupimwa. Hauna budi kufundishwa.

1.0 Utangulizi

Hadhi ya Kiswahili katika nchi hizi imepanda kisheria. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, kwa wanafunzi wengi Kiswahili si lugha ya nyumbani. Wanakutana nacho hasa katika vifungu vya kitabu cha kiada, na kwa sababu hiyo uwezo wa kuelewa maandishi ndio mlango wao mkuu wa kuingilia lugha hii.

2.0 Kutamka si Kuelewa

Gough na Tunmer (1986) walieleza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili: kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Uhusiano wa mambo hayo ni wa kuzidisha, si wa kujumlisha. Moja likiwa sifuri, zao pia ni sifuri. Tahajia ya Kiswahili ina uwiano wa karibu kati ya herufi na sauti. Mwanafunzi aliyejifunza kusoma Kiganda au Kinyarwanda, lugha zenye vokali tano zilezile, hutamka maneno ya Kiswahili mapema sana. Wepesi huo unaweza kumpotosha mwalimu akadhani kwamba anayesoma kwa ufasaha ameelewa.

Maswali mepesi huuficha udhaifu huo. Chukua sentensi isiyo na maana: "Wadengwa waligombusha mateku kando ya mto." Akiulizwa, "Wadengwa waligombusha mateku wapi?" mwanafunzi atajibu "Kando ya mto" na kupata alama, ingawa hajui wadengwa ni nani wala walifanya nini. Swali la namna hiyo hupima uwezo wa kulinganisha maneno ya swali na ya kifungu. Mtihani uliojaa maswali hayo hutoa takwimu ambazo mtunga sera hawezi kuzitegemea.

3.0 Kufuatilia Viambishi

Katika Kiswahili, sehemu kubwa ya maana ya kifungu hubebwa na viambishi. Tazama mfano huu: "Mama alitia mahindi katika kapu, akalifunga, kisha akayauza sokoni." Anayetegemea nomino iliyo karibu atasema mama aliuza kapu. Anayefuatilia viambishi ataona kwamba -li- inarejelea kapu, na -ya- inarejelea mahindi.

Wazungumzaji wa Kiganda na Kinyarwanda wana mtaji hapa, kwa kuwa lugha zao pia zina ngeli. Lakini mtaji huo una mipaka. Mbwa, ambaye ni embwa kwa Kiganda na imbwa kwa Kinyarwanda, katika lugha hizo huchukua kiambishi cha ngeli yake, tofauti na kile cha mtu. Katika Kiswahili, mnyama hupatanishwa kama mtu. Hivyo kifungu hiki kina mtego: "Mchungaji alimwita mbwa wake, lakini hakusikia. Alipomfikia, alikuwa amelala chini ya mti." Asiyesikia ni mbwa, aliyefika ni mchungaji, aliyelala ni mbwa, kiambishi hakiwatofautishi. Msomaji hulazimika kutumia mantiki ya tukio.

Hali ni tofauti tena kaskazini mwa Uganda. Kiacholi na Kilango ni lugha za Kiniloti zisizo na mfumo wa ngeli wa Kibantu. Mwanafunzi wa huko huanza upya kabisa, na mtaala mmoja usiozingatia tofauti hiyo humwacha nyuma tangu mwanzo.

4.0 Mikakati Inayofundishika

Palincsar na Brown (1984) walipendekeza ufundishaji wa kupokezana, ambapo mwalimu huonyesha mikakati minne, kisha wanafunzi hushika nafasi yake kwa zamu katika vikundi.

Kutabiri: kutumia kichwa cha habari na aya ya kwanza kukisia yatakayofuata, kisha kuhakiki makisio hayo.

Kuuliza: mwanafunzi hutunga maswali yake, hasa ya "kwa nini" na "tunajuaje".

Kufafanua: kikundi husimama penye neno gumu au kiambishi chenye utata na kujibu "nani?" au "nini?" kabla ya kuendelea. Mjadala huu unaweza kufanywa kwa lugha ya kwanza, mradi jibu lithibitishwe na maandishi.

Kufupisha: kusema kiini cha aya kwa sentensi moja bila kunakili.

Kwa madarasa ya Kiswahili, hatua ya kufafanua ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndipo sarufi ya upatanisho inapogeuka kuwa nyenzo ya kuelewa badala ya kuwa orodha ya kukariri.

5.0 Hitimisho

Agizo la kufundisha Kiswahili kwa lazima litaongeza idadi ya wanafunzi. Halitaongeza ufahamu peke yake. Mambo matatu yanahitajika. Kwanza, mitihani itenge sehemu ya kutosha ya alama kwa maswali ya kukisia na kurejelea. Pili, vyuo vya ualimu vifundishe namna ya kuonyesha mikakati, si kusahihisha majibu tu. Tatu, viongozi vya mwalimu vitofautishe mahitaji ya wazungumzaji wa lugha za Kibantu na wasio wa Kibantu. Bila hatua hizo, shule zitazidi kuhitimisha vijana wanaokitamka Kiswahili vizuri, lakini wasioweza kusoma kwacho sheria, habari wala mkataba wa kazi.