Garimoshi la mvuke lisikugharimu jicho wala uhai

Wapo watu wanaofunga safari ndefu, hata kuvuka bahari, ili wapande garimoshi linalovutwa na injini ya mvuke na kulipiga picha. Nchini India hupanda reli nyembamba ya Darjeeling, iliyofunguliwa mwaka wa 1881. Marekani huenda Colorado, kwenye reli ya milimani ya kutoka Durango hadi Silverton, iliyoanza mwaka wa 1882. Hapa kwetu, Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, yanahifadhi injini nambari 5918, Mount Gelai. Jitu hilo liliundwa Manchester, Uingereza, na baada ya kustaafu lilifufuliwa likavuta treni za matembezi.

Ni burudani nzuri. Hata hivyo, msomaji, moto, moshi na chuma kizito havina mzaha. Kabla hujashika kamera, zingatia haya.

Macho

Injini inayotumia makaa ya mawe hurusha chembe za makaa kupitia bomba la moshi. Ukitoa kichwa dirishani, upepo unakuletea chembe hizo moja kwa moja machoni. Vaa miwani, hata kama unaona vizuri.

Chembe ikiingia, usisugue jicho, kwani utalikwaruza. Nawa mikono, kisha mimina maji safi taratibu jichoni huku ukipepesa. Ikiwa imejificha chini ya kope la juu, livute kope hilo juu ya lile la chini ili nywele zake ziifagie. Maumivu yakiendelea, au chembe ikiwa imejichoma kwenye jicho, usijaribu kuitoa. Nenda hospitali.

Kifua na masikio

Moshi wa makaa una masizi na gesi zinazowasha koo. Kama una pumu, chagua behewa lililo mbali na injini, funga dirisha mnapoingia kwenye handaki, na uwe na dawa yako ya kuvuta mfukoni, si ndani ya sanduku. Mtoto mchanga asiketi karibu na injini.

Filimbi ya mvuke ilikusudiwa kusikika mbali sana. Ukisimama kando yake, inaweza kuumiza masikio. Ziba masikio yako na ya mtoto, au rudi nyuma.

Mvuke

Injini inapoanza kuondoka, dereva hufungua vali ili kutoa maji yaliyobaki ndani ya silinda. Hapo mvuke mkali hufoka pembeni, chini karibu na magurudumu. Wapiga picha hulipenda sana wingu hilo jeupe, lakini aliye karibu huungua.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla hujavimba. Usipake mafuta, yai wala dawa ya meno. Vitu hivyo huhifadhi joto na huweza kuleta maambukizi. Malengelenge yasipasuliwe. Kama jeraha ni kubwa, au limepata uso au mikono, mwone daktari.

Reli

Hatari kubwa kuliko zote ni kusimama karibu mno. Mnamo Juni 2024, injini ya mvuke nambari 2816, iliyoundwa Kanada mwaka wa 1930, ilikuwa ikipita jimbo la Hidalgo, Meksiko. Watu walijipanga kandokando ya reli, simu mikononi. Mwanamke mmoja alipiga magoti pale ili ajipige picha injini ikikaribia nyuma yake. Ilimgonga kichwani, akafa.

Angalia vizuri: hakuwa katikati ya reli, alikuwa kando. Mwili wa injini ni mpana kuliko reli zenyewe, na vyuma vyake hujitokeza pembeni. Tena anayetazama kupitia kamera huona kipande kidogo tu cha mbele yake, naye hupotewa na makadirio ya umbali. Dereva akikuona hawezi kukukwepa, wala kusimamisha garimoshi papo hapo.

Kwa hiyo piga picha ukiwa jukwaani nyuma ya mstari, au nje ya ua wa reli. Usiipe reli kisogo. Ukiwa ndani ya behewa, kichwa na mikono ibaki ndani. Picha ikikuponyoka, ipo safari nyingine. Jicho likipofuka halina badala.