Unatredi Kaaga, na Nyumbani Hawakuelewi

Kama unatredi, yaani unanunua na kuuza hisa au sarafu siku hiyo hiyo ukitafuta tofauti ya bei, na bado unaishi kwa wazazi hapa Kaaga, kuna maswali umeshayazoea. "Kazi utatafuta lini?" "Hiyo si kamari tu?" Halafu kuna lile la mama baada ya kanisa Jumapili, ambalo haulizwi mwenyewe. Anaambiwa jirani, wewe ukisikia: "Huyu wetu siku hizi ni simu tu."

Sehemu ya shida ni saa. Soko la hisa la Nairobi (NSE) hufanya biashara kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na hilo halisumbui mtu. Lakini soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi yao, na hufungwa usiku ukiwa umeenda. Kwa hivyo wewe unaanza kazi mzee akirudisha ng'ombe zizini, na asubuhi watu wakienda shambani umelala. Kwa macho ya nyumbani huo ni uvivu. Waambie saa zako za kazi mapema, kama vile askari wa usiku anavyowaambia watu wake. Ni jambo dogo lakini hupunguza kelele nyingi.

Ila saa si kiini cha mambo. Hebu tufikirie: Meru haijawahi kuogopa biashara ya siku moja. Panda barabara ya Maua uone. Miraa ikichumwa asubuhi, thamani yake inashuka kila saa inayopita, ndiyo sababu zile gari hukimbia vile kuelekea Nairobi. Bei ya leo si ya kesho. Habari kutoka mbali inaweza kuivunja kabisa: Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ikafunga mlango Machi 2020, ikaufungua tena Julai 2022. Wazee wetu wamekula hasara za soko kuliko kijana yeyote mwenye chati kwenye simu. Hakuna anayemwambia muuza miraa atafute kazi ya maana.

Tofauti ni kwamba mzigo wa miraa unaonekana. Ukiharibika, kila mtu anauona umenyauka. Pesa yako ya kutredi haionekani ikienda wala ikirudi, na watu wa nyumbani wana sababu ya kuogopa pesa isiyoonekana. Wengi wanakumbuka DECI na piramidi nyingine za miaka ya 2006 na 2007 zilizoondoka na akiba za watu. Wanakumbuka pia hisa za Safaricom mwaka 2008. Ziliuzwa kwa shilingi 5, kuna watu walikopa benki ili wanunue, na ndani ya mwaka mmoja bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Kweli, mwaka 2021 ilipita 40. Lakini aliyenunua kwa mkopo hakuwa na miaka kumi na mitatu ya kungoja.

Na tuseme ukweli ambao wanaouza masomo ya kutredi mtandaoni hawapendi kuusema: kwa hesabu tupu, mama yako yuko karibu na ukweli kuliko wao. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida wanaobashiri bei kwa mikataba ya CFD hupoteza pesa. Brazil, watafiti walifuatilia watu walioendelea kutredi mikataba ya baadaye kwa zaidi ya siku 300, na asilimia 97 yao walipata hasara. Kwa hivyo ukiulizwa kama hiyo ni kamari, usikasirike. Jibu kwa karatasi.

Karatasi gani? Si picha ya skrini yenye namba za kijani. Faida iliyo kwenye skrini bado si pesa. Chukua taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi sita na uangalie mambo mawili tu, uliyotuma kwa broka na yaliyorudi. Tuseme ulituma shilingi 30,000, zikarudi 22,500, na kwenye akaunti ya broka zimebaki 4,000. Jumla una 26,500. Umepoteza 3,500, hata kama kulikuwa na wiki moja tamu sana katikati. Ndiyo sababu huwa tunashauri pesa ya kutredi ikae laini yake au pochi yake, mbali na ya kodi, chama na chakula. Zikichanganyika, hata wewe mwenyewe hutajua umesimama wapi, sembuse mzee.

Hesabu hiyo ikionyesha hasara, ionyeshe hivyo hivyo. Mtu anayesema "nimepoteza elfu tatu na mia tano, na kikomo changu ni elfu tano" anaaminika kuliko anayesema "mambo yako sawa". Na kikomo kiwekwe kabla, maana ukipoteza nusu ya mtaji, unahitaji faida ya asilimia 100 ndio urudi ulipoanzia.

Waonyeshe pia broka wako ni nani. Biashara ya fedha za kigeni mtandaoni ina kanuni zake Kenya tangu 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) huweka orodha ya kampuni zenye leseni kwenye tovuti yake. Fungueni orodha hiyo pamoja, mzee akiwa na miwani yake. Kama broka wako hayumo, basi mzee ameshinda ubishi huo, na ni vyema ameshinda mapema.

Marafiki ni rahisi zaidi. Wanaokucheka pale Makutano watachoka. Huna deni la kuwaeleza chochote, na usitredi pesa kubwa ili kuwanyamazisha.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni siku wasiwasi wao utakapoisha. Umekuwa na miezi miwili mizuri, umelipa umeme, umenunua unga, na shangazi anakuja polepole: "Sasa mwanangu, nikikupa elfu hamsini hivi, itazaa?" Hapo ndipo vijana wengi huteleza, kwa sababu baada ya dharau yote hiyo, kuaminiwa ni kutamu. Usipokee. Kushughulikia pesa za watu wengine sokoni kunahitaji leseni ya CMA, na hasara yako ya siku moja itakuwa kesi ya ukoo kwenye kila mazishi na kila harusi. Mwambie, "Shangazi, asante, lakini pesa za watu sishiki." Akitaka kweli, msaidie afungue akaunti yake kwa broka mwenye leseni, kwa jina lake na kitambulisho chake, na wakati wa kuweka PIN, wewe geuka uangalie ukutani.