Buibui wa miguu mirefu: tumjue mbele ya kumuua

Washa toshi usiku, uangalie pembe ya nyumba, kule juu ambako ufagio haufiki. Yuko pale: mwili mdogo, miguu mirefu kama uzi, ananing'inia mgongo chini. Hapa Kabambare tuko naye ao ndugu zake mu nyumba, mu choo, hata ku mlango wa shimo. Na kila mara mtoto akiamka na kidonda, ni yeye wa kwanza kushitakiwa. Wengine wanachukua moto na kuchoma utando wake, na nyumba yenyewe ni ya nyasi! Ndugu wasomaji, tumjue kwanza.

Wenye elimu ya buibui wanaita jamii yake Smeringopus. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Eugène Simon mwaka wa 1890. Mwaka wa 2012, Bernhard Huber, wa jumba la makumbusho la Bonn kule Ujerumani, alipanga upya jamii hiyo, na aina mbili za inchi yetu akaziita katanga na lubondai. Asili yake ni Afrika. Aina moja imefuata mizigo ya watu, na sasa iko katika inchi nyingi za joto.

Utamtambua namna gani? Mwili wake haufiki sentimita moja. Tumbo ni refu kuliko pana, rangi ya majivu ao ya udongo, na madoa meusi mgongoni. Miguu ni mirefu mara nyingi kuliko mwili, tena ina pete nyeusi karibu na magoti. Utando wake hauna mpango wa duara kama ule wa buibui wa bustani; ni nyuzi nyingi zilizochanganyikana. Mguse kidogo na kijiti: anajitikisa mbio mbio, mpaka macho yako yanashindwa kumuona vizuri. Ndiyo silaha yake. Na jike hatupi mayai yake: anayabeba mdomoni kama kifurushi mpaka watoto watoke.

Wengine wanasema eti sumu yake inashinda ya buibui wote. Si kweli. Sumu anayo, lakini ni ya kuua mbu, inzi na buibui wengine. Kwa mtu hana hatari. Basi kile kidonda kinatoka wapi? Mara nyingi, mu majira ya mvua, ni kale kadudu kembamba, kekundu na keusi, kanakofanana na chungu na kanafuata taa usiku. Ukikaponda ku ngozi, maji yake yanachoma, na kesho yake unaona malengelenge kama mstari wa moto. Usikaponde: kapulize kaende, kisha unawe na maji na sabuni. Kama kidonda kinakua, ao mtoto anashikwa na homa, usipoteze siku kwa kutafuta buibui. Mpeleke ku kituo cha afya.

Kwa wachimbaji tuko na neno moja zaidi. Utando mzima ukifunga mlango wa shimo la zamani, ujue hakuna mtu aliyepita pale karibuni. Wengine wanasema: «Buibui anaishi mule, basi hewa ni nzuri.» Hapana! Yeye anatumia hewa kidogo sana, tena anakaa karibu na mlango. Hewa mbaya ni nzito, inaweza kulala kule chini ambako yeye hafiki. Na ndani ya moshi wa motopompe mna sumu isiyo na harufu. Mtu anasikia kichwa kinamuuma, miguu inalegea, kisha anaanguka. Mwenzake akishuka mbio kumuokoa, naye anabaki mule. PDG wa shimo asitume mtu chini mbele ya kuingiza hewa safi, na motopompe ikae inje, mbali na mlango.

Nyumbani, mama, utando ukijaa vumbi fagia tu, moto usiutumie. Na yule wa pembeni juu, ukimuacha, atakula mbu wawili watatu. Lakini hatakula wote: chandarua kibaki juu ya kitanda cha watoto.