Ni ziwa, au ni mvua iliyosimama?

Juzi nilimtembelea mpwa wangu Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Nikamkuta na wenzake wanachora mtaa wao kwa simu kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza, na wanabishana. Nyuma ya nyumba kuna maji yamesimama tangu mvua. Mmoja anataka yaandikwe ziwa, mwingine kinamasi, wa tatu anasema yaachwe.

"Mjomba, wewe mtu wa bahari, tuamulie."

Nikawaambia sisi Pwani jambo hili tunalijua, maana bahari yetu hutoka na kurudi kila siku. Kanuni ya ramani hiyo ni kwamba ufuo uchorwe pale maji yanapofika yakijaa wakati wa bamvua, si pale yanapokupwa. Mvuvi yeyote angekubali. Tena mstari wa pwani una mwelekeo: nchi kavu kushoto, maji kulia. Ukiugeuza, waweza kuizamisha Mombasa nzima, ramadhani bila futari! Ziwa halihitaji hayo, huchorwa kama eneo lililofungwa. Ajabu ni kwamba maziwa makuu ya Marekani Kaskazini yamechorwa kwa mstari wa pwani, kama bahari, kwa sababu ya ukubwa. Mimi sikubali. Ziwa ni ziwa, hata likiwa Viktoria. Hakuna anayengoja bamvua Kisumu.

Lakini Mukuru jina la maji lina uzito mwingine. Mto Ngong unapita hapo. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mito ya Nairobi. Mita 30 zinaanzia wapi? Kwenye mstari wa maji. Ramani ya kujitolea si sheria, najua, ila likishaandikwa ziwa nyuma ya nyumba yako, wewe ndiye utakayeulizwa kwa nini umejenga ufuoni. Na yakiachwa kabisa, waokoaji wa Msalaba Mwekundu, ambao hutumia ramani hizi, hawatajua njia gani huzama.

Tukamwuliza mama muuza mandazi wa hapo. Akasema maji hukaa wiki mbili, yakakauka. Mtaro umeziba taka.

Basi wakachora mtaro kama mtaro, na uwanja wakauwekea alama ya mahali panapofurika. Ziwa likafutwa. Mpwa wangu akaniuliza kama kuna alama ya taka. Ipo, ila ya jaa. Ya mtaro uliozibwa sikuijua.