Istilahi za Tuzo za Wanafunzi katika Usanifu kwa Kompyuta

Tangazo la shindano ni waraka mfupi, lakini lina nguvu ya sheria. Mwanafunzi hulisoma ili ajue kama anaruhusiwa kushiriki, ni kazi gani anayotakiwa kuileta, na atapewa nini akishinda. Neno moja likifasiriwa ovyo, kazi ya miezi mingi yaweza kukataliwa bila kosa la aliyeifanya. Makala haya yanakusudia kuchambua istilahi za tuzo wapewazo wanafunzi wanaosanifu majengo na mitambo kwa kutumia kompyuta, na kupendekeza njia ya kuzifasiri.

1. Usanifu na ubunifu

Kitenzi "sanifu" kina maana ya kutunga au kutengeneza jambo kwa ustadi. Lakini "sanifu" likiwa kivumishi, kama katika "Kiswahili sanifu", hutaja kile kilichokubaliwa kuwa kipimo kwa wote. Kwa hiyo "mchoro sanifu" na "mchoro uliosanifiwa" si kitu kimoja: wa kwanza unafuata kanuni zilizowekwa, wa pili umetungwa na mtu. Shindano hutafuta wa pili, ingawa laweza kudai kwamba uchorwe kwa kanuni za wa kwanza.

Neno "ubunifu" nalo limekwisha kushika mizizi. Nchini Tanzania iko Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na jina hilo rasmi halina budi kuandikwa lilivyo. Hata hivyo, katika masharti ya shindano, upya wa wazo huwa ni kigezo kimoja tu miongoni mwa vigezo vya kutolea alama. Ikiwa shindano lenyewe limeitwa la ubunifu, na kigezo kimojawapo kikaitwa ubunifu, msomaji hatajua lipi ni lipi. Yafaa basi "usanifu" litaje kazi yote, na "ubunifu" libaki kuwa jina la kigezo.

2. Kazi ya kompyuta ni ipi?

Wafasiri wengine huandika "usanifu wa kompyuta". Fasiri hiyo inapotosha, kwa kuwa maana yake ya kwanza ni kuisanifu kompyuta yenyewe, nayo ni taaluma nyingine kabisa. Wengine huandika "usanifu kwa msaada wa kompyuta". Hii haina kosa, ila ni ndefu. Kihusishi "kwa" peke yake kinatosha kuonyesha chombo, kama tunaposema kukata kwa kisu au kuandika kwa kalamu. Tunapendekeza "usanifu kwa kompyuta". Wanaoitumia "tarakilishi" badala ya "kompyuta" waweza kufuata muundo huohuo.

Muundo huu unalingana pia na asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha katika tasnifu yake programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji aligusa kioo kwa kalamu ya mwanga, naye alipotoa sharti kwamba mistari miwili iwe sambamba, mashine iliirekebisha ikawa hivyo. Mtu ndiye aliyeamua, mashine ilitii. Mwaka 1988 Sutherland alipewa Tuzo ya Turing.

Leo yako mashine yawezayo kutoa umbo zima kwa kuambiwa maneno machache. Kazi ya namna hiyo tusiichanganye na usanifu kwa kompyuta. Waandaaji wakitaka kuiruhusu au kuikataza, waseme hivyo kwa sentensi kamili, wala wasiliachie neno "kompyuta" mzigo huo.

3. Mwanafunzi ni nani?

Kwa Kiswahili "mwanafunzi" ni mtoto wa darasa la kwanza, na pia mtu mzima anayeandika tasnifu. Upana huo unapendeza katika mazungumzo, lakini katika masharti unaleta ugomvi. Mashindano ya WorldSkills, ambayo usanifu wa mitambo kwa kompyuta ni mojawapo ya fani zake, hutazama umri: kwa fani nyingi kikomo ni miaka 22. Hapo "kijana mshindani" ni sahihi kuliko "mwanafunzi". Penye chuo, tuandike "mwanachuo". Na kwa ajifunzaye kazi kwa fundi, "mwanagenzi".

4. Tuzo, zawadi na nishani

Zawadi hutolewa hata kwa mapenzi tu. Tuzo hutolewa kwa sababu ya jambo lililotendwa vyema, kama mcheza ngoma anavyotuzwa mbele ya watu. Nishani ni alama yenyewe, ya madini, inayoonyesha heshima hiyo. Kwa hiyo mtu aweza kupata tuzo ambayo ndani yake mna nishani, cheti na fedha taslimu.

Mtego mkubwa uko katika nishani za wanafunzi zitolewazo na taasisi ya kifalme ya wasanifu majengo ya Uingereza, ambazo historia yake inaanzia mwaka 1836. Nishani hizo zina jina la rais wa taasisi hiyo. Anayefasiri "Nishani za Rais" na kuishia hapo atamfanya msomaji wa Afrika Mashariki adhani kwamba ni heshima ya dola. Tuandike "Nishani za Rais wa Taasisi".

Isitoshe, katika nishani hizo shaba si nafasi ya tatu. Ya shaba hupewa mshindi wa ngazi ya shahada ya kwanza, na ya fedha mshindi wa ngazi iliyo juu yake. Katika WorldSkills, kinyume chake, dhahabu, fedha na shaba hufuatana kama katika michezo. Na aliyefikia alama zilizowekwa bila kupata hata moja kati ya hizo hupewa nishani ya umahiri. Mfasiri akimwita mshindi wa shaba wa London "mshindi wa tatu", amempokonya ushindi wake.

5. Istilahi zinazopendekezwa

Usanifu kwa kompyuta: kutunga umbo la kitu na michoro yake, kompyuta ikiwa chombo.
Umbo pande tatu: umbo lenye urefu, upana na kina, lililojengwa ndani ya kompyuta.
Usanifu rejeshi: kupima kifaa kilichokwisha kutengenezwa ili kuipata michoro yake.
Kazi shindani: kazi iliyowasilishwa kwa waamuzi.
Mteule: ambaye kazi yake imebakizwa baada ya mchujo wa kwanza.
Sifa maalumu: kutajwa kwa heshima pasipo nishani.
Nishani ya umahiri: alama ya aliyefikia kiwango kilichowekwa.

Mapendekezo haya si amri. Walimu wa vyuo vya ufundi, ambao maneno haya hutumika mbele yao kila siku, wanaombwa wayapime na kutuletea maoni yao.