Mikrobi, Sabuni na Maji ya Klori

Mwezi wa nane mwaka 2018 ndoo zilianza kuonekana Beni, na baadaye Butembo, kila mahali watu wanapokutana: mlangoni pa kanisa, penye lango la shule, sokoni, na kwenye vizuizi vya barabarani. Kila ndoo ilikuwa na bomba dogo ubavuni, na chini yake beseni. Maji yake hayakuwa maji matupu. Yalikuwa na harufu kali puani, na mtu aliyenawa mara nyingi kwa siku aliona ngozi ya vidole vyake imekauka kama jani la mgomba wakati wa kiangazi. Watu wakauliza: Maji haya yana nini ndani yake? Wengine walinong'ona kwamba ni sumu iliyoletwa ili kuwaua. Swali lilikuwa jema. Jibu lake ni refu kidogo, maana ni lazima kwanza kuwajua mikrobi, kisha kuijua klori yenyewe.

Mikrobi ni viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho bila hadubini. Wako wa namna nyingi, lakini hapa zatosha namna mbili, bakteria na virusi. Bakteria anakula, anakua, halafu anajigawa akawa wawili, na wale wawili hujigawa tena. Wapo bakteria ambao, wakipata joto na chakula, hujigawa kila dakika 20. Chukua penseli ufanye hesabu. Bakteria mmoja akianza kazi saa mbili asubuhi, saa tatu wamekuwa 8, saa nne wamekuwa 64, na saa nane mchana wamepita 260,000. Ndiyo maana uji wa jana uliokaa bila kifuniko huumiza tumbo, ingawa jana ulikuwa mzuri.

Virusi ni mdogo kuliko bakteria, na tabia yake ni nyingine. Yeye hali, wala hakui. Huingia ndani ya chembe moja ya mwili wa mtu, akailazimisha kuacha kazi yake na kutengeneza virusi wengine mfano wake, mpaka chembe ile ikafa.

Isidhaniwe kwamba mikrobi wote ni adui. Matumbo ya kila mtu yamejaa bakteria, na wengi wao husaidia. Tazama muhogo mchungu. Ndani yake kuna kitu kinachogeuka kuwa sumu iitwayo sianidi. Mama anayejua kazi yake huumenya, akauloweka majini siku tatu hivi. Bakteria waliomo majini huulainisha, na sumu ile huvunjika ikatoka, nyingine na maji, nyingine na hewa wakati wa kuanika. Katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo, mganga mmoja jina lake Trolli aliandika mwaka 1938 habari za ugonjwa uitwao konzo: mtu huamka mzima, na ghafula miguu yake inakakamaa, hata asitembee tena vema maisha yake yote. Baadaye wataalamu waligundua kwamba wagonjwa hao walikuwa wamekula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, kwa sababu ya njaa au ya haraka. Basi kwenye muhogo bakteria ndiye rafiki, na kitu cha kemia ndicho kinachodhuru. Kwenye ndoo ya Butembo mambo yamegeuka: kitu cha kemia ndicho mlinzi.

Mlinzi huyo anawazuia akina nani? Kwanza, bakteria wa kuhara na wa homa ya matumbo, ambayo watu wa Butembo huiita tifoide. Hawa hutoka katika choo cha mgonjwa, wakapita kwa maji, kwa nzi au kwa mikono, mpaka kinywani mwa mtu mwingine. Bakteria wa kipindupindu ni wa jamaa hiyo pia. Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma bila maji safi wala vyoo, kipindupindu na kuhara viliwaua watu makumi ya maelfu kwa majuma machache.

Lakini ndoo za mwaka 2018 zilikuja kwa ajili ya virusi, na virusi huyo ni Ebola. Alijulikana kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini ya Kongo, akapewa jina la mto wa nchi ile. Kati ya waganga wa kwanza kufika alikuwa Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, ambaye aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu. Alipona kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe, alinawa mikono kwa maji na sabuni.

Siku ya tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imefika Mangina, mji mdogo ulio magharibi ya Beni. Kutoka Mangina ikaingia Beni, kisha ikashuka kusini hadi Butembo na Katwa.

Ebola hairuki hewani kama vumbi. Hupita kwa damu, matapishi, jasho, na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Tena mwanzo wake hufanana na magonjwa mengine, na hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa. Tuseme mtoto wa Beni amepata homa, kichwa kinamuuma, anatapika. Huenda ni malaria, inayoletwa na mbu. Huenda ni tifoide. Huenda ni Ebola. Mama yake hawezi kujua kwa kumtazama, hata mganga hawezi, mpaka damu ipimwe. Basi mama alimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kama kituo kile kilikuwa kidogo, hakina glavu wala maji, na sindano au kitanda cha mgonjwa wa jana kilitumika kwa mgonjwa wa leo, mtoto aliyekwenda na malaria aliweza kurudi na Ebola. Mwaka 2018 watoto wengi wa Beni waliambukizwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja watu wa Beni waligawiwa dawa za malaria na vyandarua nyumbani, ili wenye homa wapungue vituoni.

Sasa tuje kwenye sabuni. Virusi wa Ebola amevaa koti la mafuta, na bila koti hilo hawezi kuingia katika chembe ya mtu. Kila kipande kidogo cha sabuni kina pande mbili: upande mmoja hushika mafuta, upande wa pili hushika maji. Mtu akisugua mikono, sabuni hulishika koti lile na kulipasua, na maji huchukua vipande vyake. Ndivyo mama anavyoondoa mafuta ya mawese katika sufuria. Sabuni ya kawaida ya kufulia inatosha, nayo haiumizi ngozi sana. Kwa mikono yenye tope au damu, sabuni inaishinda hata klori.

Klori hufanya kazi kwa njia nyingine. Huunguza bila moto. Hugusa ngozi ya bakteria au koti la virusi, ikaviharibu vitu vilivyojengwa humo, mpaka kiumbe kikafa. Kasoro yake ni kwamba haichagui. Ikikuta tope, majani, au matapishi, huunguza hayo pia, na nguvu yake huisha kabla haijawafikia mikrobi wote. Kwa hiyo mfagiaji mwenye akili huondoa uchafu kwanza, ndipo anamwaga klori.

Faida ya klori ilijulikana kabla watu hawajajua kwamba mikrobi ndio waletao maradhi. Mwaka 1847 katika hospitali kubwa ya Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na mganga jina lake Ignaz Semmelweis. Aliona akina mama wengi wakifa kwa homa baada ya kujifungua. Mwezi wa nne mwaka ule, katika nyumba ya wazazi waliyofanya kazi waganga, walikufa kama 18 kati ya kila 100. Akagundua kwamba waganga wale walikuwa wakipasua maiti asubuhi, kisha wakaenda kuwazalisha wanawake. Akaweka beseni la maji ya klori mlangoni, akaamuru kila mtu anawe. Mwezi wa sita walikufa kama 2 tu kati ya 100. Lakini waganga wengi hawakumshukuru. Ni nani apendaye kuambiwa kwamba mikono yake mwenyewe imeleta kifo? Semmelweis alikufa mwaka 1865 kabla wenzake hawajamkubali.

Je, wale walionong'ona kwamba klori ni sumu walikosea kabisa? Hapana. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilifungua mapipa ya hewa ya klori, na upepo ukaipeleka kwa askari wa Ufaransa na wa Algeria. Wengi walikufa kwa kukosa pumzi. Kitu ni kile kile. Tofauti ni kipimo.

Vipimo vyenyewe ni vitatu. Kwa sakafu, vitanda na viatu vya wauguzi, maji huwa na sehemu 5 za klori kati ya 1,000. Hayo huunguza ngozi na macho, wala si ya mikono. Kwa mikono ni sehemu 5 kati ya 10,000, yaani nguvu yake ni moja ya kumi ya yale ya sakafu. Mtu mzima aliyefundishwa hupima gramu 15 za unga wa klori katika maji lita 20, akachanganya kwa mti, akaacha yatulie. Maji ya kunywa ni dhaifu sana kuliko hayo: klori inayobaki ndani yake ni kama moja ya elfu ya ile ya mikono. Mtu anayemimina kwa kukisia, akisema kwamba nyingi ni bora kuliko kidogo, hajui anachofanya. Tena klori, hata ile ya maji ya javeli yanayouzwa dukani, haichanganywi kamwe na siki, wala asidi ya betri, wala dawa nyingine ya kusafishia choo. Ikichanganywa hivyo, hewa ile ile ya Ypres hutoka, mle mle chooni.

Hata hivyo, hofu ya watu wa Beni na Butembo haikutokana na klori peke yake. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa usiku vijijini, na walilia muda mrefu bila kusikilizwa. Kisha ghafula magari mengi mapya yakaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo, ingawa masoko na makanisa yalikuwa wazi kila siku. Watu walikasirika, na si ajabu. Mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi wa nne mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi Butembo. Hasira ilikuwa na sababu zake, lakini mganga yule hakuwa ameahirisha uchaguzi wa mtu yeyote.

Jambo lililoumiza zaidi lilikuwa mazishi. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma, kila mtoto wa katekisimu anajua. Kumwosha marehemu na kumgusa kwa mara ya mwisho ni heshima. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa virusi kuliko wakati alipokuwa hai. Mwanzoni watu waliovaa plastiki mwili mzima walikuja, wakanyunyiza klori, wakachukua mwili, na jamaa walibaki wakilia mbali. Mawe yakarushwa. Baadaye walijifunza: jamaa waruhusiwe kuuona uso, wachague sanduku, padri au mchungaji asali, na vijana wa mtaa wenyewe wafundishwe kubeba. Klori ilibaki ile ile, lakini mawe yalipungua.

Wako waliojaribu kujitibu nyumbani kwa vidonge vya kuua bakteria vilivyonunuliwa dukani. Vidonge hivyo humsaidia mgonjwa wa tifoide. Kwa virusi wa Ebola havifanyi kitu, maana hupiga vitu alivyo navyo bakteria tu. Mwezi wa nane mwaka 2019, baada ya majaribio yaliyofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilitangazwa kwamba dawa mbili zinaokoa. Moja ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Muyembe alishiriki. Wagonjwa waliofika mapema, virusi wakiwa bado wachache, karibu 9 kati ya 10 walipona. Chanjo nayo ilitolewa kwa watu zaidi ya 300,000.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Walikuwa wameugua watu 3,470, wakafa 2,287. Mwezi wa pili mwaka 2021 ukarudi karibu na Butembo: waliugua 12, wakafa 6. Mwezi wa kumi mwaka huo huo ukarudi Beni: waliugua 11, wakafa 9. Kila mara ndoo zilitolewa ghalani zikarudishwa milangoni.

Penye ndoo hizo, kazi ya kwanza ya asubuhi ni kumwaga maji ya jana. Jua na tope la mikono huimaliza klori, na maji yaliyokaa siku nzima juani huwa maji ya mto tu, ingawa harufu kidogo bado imebaki ndani ya ndoo.