Wabanguaji korosho Masasi, Newala: Wanaipenda kazi, pato haliwatoshi

MSIMU wa korosho unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, wakazi wa Masasi na Newala mkoani Mtwara hufuatilia kwa makini bei za minadani. Bei hizo, hata hivyo, ni za korosho ghafi. Korosho zinazobanguliwa na kina mama majumbani huuzwa nje ya minada hiyo, sokoni na vituo vya mabasi, kwa bei ya kupatana.

Ubanguaji ni kazi ngumu. Korosho hukaangwa, hupasuliwa moja moja, hukaushwa, kisha humenywa ngozi ya ndani. Ganda lina mafuta makali yanayounguza, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu mikononi. Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa takriban kilo 1 tu ya korosho safi, na zilizovunjika hushuka bei.

Kwa nini basi kina mama hawaiachi? Kazi ya nyumbani humwezesha mama kulea watoto, kuchota maji na kulima, huku akishika mwenyewe fedha anazopata. Kiwandani hulipwa kwa uzito wa alichobangua, na saa si zake. Kuridhika huko kunatokana na uhuru zaidi kuliko kipato.

Ajira ya kiwandani nayo haijawa ya kutegemewa. Viwanda 12 vya kubangua korosho vilivyojengwa na Serikali, vikiwamo vya Masasi na Newala, vingi vilisimama katika miaka ya 1980, na baadaye vikabinafsishwa.

Kikwazo kikubwa cha mbanguaji mdogo ni malighafi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, unamtaka mkulima kupeleka korosho ghalani kupitia chama cha msingi, ili kumkinga dhidi ya walanguzi wa kangomba. Lakini mnada huuza shehena kubwa kwa wanunuzi wenye mitaji. Mama anayehitaji magunia mawili hawezi kushindana nao, na akinunua kwa jirani huhesabiwa mlanguzi.

Hivyo mkopo au mashine pekee haviwezi kumkwamua. Bila njia halali ya kupata korosho ghafi kwa kiasi kidogo, kazi yake itaendelea kukoma pale akiba ya shamba lake inapokwisha.